Delwyn Kroeze, Aliyekagua Silinda kwa Kidole (1947–2019)

Delwyn Kroeze alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 nje kidogo ya mji wa Hart, Michigan, mtoto wa kwanza wa Harm na Tena Kroeze, wakulima wa cheri.

Alisoma shule ya kijiji, kisha sekondari ya Hart, akaiacha mwaka 1963 baba yake alipovunjika nyonga. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, zama ambazo mtu aliona haya kutojua.

Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kutia cheri makoponi hadi mwaka 1986, alipofungua banda lake Mears, karibu na vilima vya mchanga vya Silver Lake. Huko vijana walishindana kupanda vilima kwa pikipiki za magurudumu manne, zile za injini za kuchanganya petroli na oili, na kila aliyetaka mbio zaidi alichonga matundu ya silinda, yanakopita petroli na moshi, yapanuke. Kuchonga wengi walijaribu. Kujua kama kazi ni nzuri, watu walikwenda kwa Del.

Alizungushia karatasi ndani ya silinda na kuisugua kwa penseli, ramani ya matundu ikatokea. Injini ikiwa na silinda mbili, karatasi ya kushoto aliibandika juu ya ile ya kulia, akaziinua dirishani. Zikipishana unywele mmoja, kazi ilirudi kwa mwenyewe. Mwisho aliingiza kidole cha shahada na kukipitisha polepole kwenye kingo za kila tundu. Ukingo usiolainishwa hunasa ringi ya pistoni, ringi ikavunjika, injini ikakwama ghafla mtu akiwa kileleni. Mwaka 1988 aliona kijana akifa hivyo. Tangu hapo hakuwahi kutazama mashindano akiwa amekaa.

Kijana mmoja alimletea silinda aliyoisugua hadi ikawa kama kioo. "Mzee Del, cheki inavyong'aa."

"Hata kijiko cha mama yako kinang'aa," Del akamjibu. "Kapande nacho kilima."

Siku hizi silinda huchongwa na mashine na kuletwa kwa posta ndani ya sanduku, na anayeinunua hajui hata aulize nini. Viwanda vikubwa vilikwisha kuacha kuziunda injini zile. Del aliendelea kukagua zilizobaki, wala hakutoza kitu.

Alimwoa Ardith Postma tarehe 19 Juni 1971 katika kanisa la Reformed la Hart. Walijaliwa binti mmoja, Janna, aliyerithi mapenzi ya baba yake ya mashine na ukaidi wake pia, akawa mshindani wa vilimani.

Kisukari kilimwanza mwaka 2009. Agosti mwaka jana vidole vyake viliingia ganzi, naye akaficha, hata kwa mkewe. Akaendelea kuingiza kidole na kusema, "Safi, kafunge." Ijumaa tarehe 14 mwezi huu alilazwa Muskegon, figo zimechoka. Jumapili Ardith alipofika kutoka kanisani alimkuta anahangaika, ameshika shuka kwa mikono miwili.

"Janna anapanda saa ngapi?"

"Saa tisa. Tulia, Del."

"Mwambie asipande. Silinda zake sikuzikagua. Niliingiza kidole tu. Sisikii kitu, Ardith. Tangu mwaka jana sisikii."

Ardith akapiga simu. "Mama, nimeshafunga kila kitu," Janna akasema. "Baba mwenyewe ndiye aliyezipitisha."

"Baba yako anasema fungua."

Alifungua, huku akinung'unika, na saa nane alikuwa kando ya kitanda na silinda mbili ndani ya taulo. Del akatia kidole, akakizungusha. "Sijui," akasema. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno hilo. Ndipo Ardith akavua soksi yake ndefu ya nailoni, palepale mbele ya nesi, akamkabidhi. Miaka yote Del aliwacheka mafundi waliokagua kwa soksi, akiwaita watu wasio na vidole. Akaipitisha katika silinda ya kulia, ikateleza. Katika ya kushoto ilinasa kwenye tundu la moshi na kuchanika.

"Nilikuwa nipande na hii," Janna akasema, akaketi sakafuni.

"Ziko za wengine saba nilizopitisha hivi," Del akajibu. "Andika majina."

Siku zake nne za mwisho zilikwisha kwa simu. Sita walipatikana, silinda mbili kati ya zao zilikuwa na ukingo mkali. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 20 Juni 2019 aliuliza, "Yule wa saba?" Ardith akamwambia bado. Saa kumi na mbili na robo akakata roho.

Ameacha mjane, Ardith, binti, Janna, mdogo wake, Orrin, wa Shelby, na mtu mmoja ambaye hakutaja jina. Alikuja Aprili na gari la kijani lililobeba mashine ya njano, akasema anatoka upande wa Ludington, akaambiwa silinda zake ni safi. Anayemfahamu amwambie leo, kabla ya chakula cha maziko, asiiwashe. Akipatikana huyo, Delwyn atapumzika.