Bwana Nyama Aliyeogopa Maji

Tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Zablon Wangwe anakabidhi sare, darubini na funguo za gari la doria baada ya kuitumikia idara yetu ya wanyamapori kwa miaka thelathini na mmoja. Wananchi wa kijiji cha Natta humwita Bwana Nyama, ingawa cheo hicho hakimo katika barua yake yoyote ya ajira.

Alizaliwa Susuni, Tarime, kwa wazazi wakulima wa migomba na kahawa, akaanza kazi Julai 1994 akiwa askari wa doria ya miguu. Siku moja tembo jike mwenye mtoto alimzuia juu ya jabali tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Alipoteremka aliomba chai kwanza, zahanati baadaye.

Lakini si kila mtu alimfurahia. Mwaka 2018 tembo waliharibu mahindi ya Mama Theodora Sylvester kwa msimu wa tatu mfululizo. Zablon alipofika na futi kamba kupima hasara, mama huyo alimzibia njia.

"Wameshakula, ndiyo wewe unakuja kupima. Wanangu wale hiyo futi?"

Tangu siku hiyo wakulima waliacha kutupa taarifa, na vijana wakaanza kunoa mikuki. Tuliona damu inakuja, ya tembo au ya watu.

Idara ikaandaa ziara: askari watano na wakulima saba kwenda kisiwa kimoja cha hifadhi huko pwani, ambako wavuvi na walinzi wa wanyama waligombana miaka mingi kisha wakapatana. Wakulima walimchagua Mama Theodora awe msemaji wao.

Ufukweni, Zablon aliitazama boti, akaitazama bahari, akaomba abaki kulinda mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa tayari ndani ya boti. Akapanda. Katikati ya safari upepo ulizidi na mawimbi yakaanza kutumwagia maji. Mwenzetu akang'ang'ania ubao, macho ameyafumba, jasho linamtiririka. Mama Theodora, binti wa mvuvi wa Musoma, alihamia kando yake akamshika mkono.

"Usiangalie maji, Bwana Nyama. Angalia kisiwa." Kisha akasema taratibu, "Sasa umejua. Hivi ndivyo ninavyokaa na wanangu tembo wakiwa shambani."

Zablon hakuuachia mkono ule mpaka boti ilipogusa mchanga.

Kisiwani tulioneshwa viota vya kasa na kaa wakubwa wanaopanda minazi. Sisi tulipiga picha. Yeye alimfuata Bi Maua, mvuvi wa pweza, akamwuliza walipatanaje.

"Zamani walinzi walikuja baada ya ugomvi," Bi Maua alimjibu. "Siku hizi wanakuja kabla. Kila mwezi tunakaa nao, tunauliza, wanajibu."

Msimu uliofuata Zablon alihamishia kambi ya askari pembezoni mwa mashamba ya Natta, tangu mahindi yanapochanua hadi yanapovunwa. Alifunga uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, harufu ambayo tembo huikimbia, akianzia kwa Mama Theodora. Kila mwezi aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya wakulima akijibu maswali, mengine makali kweli. Tembo hawakukoma, mwaka 2021 walivunja uzio wakala nusu ya shamba. Ila safari hii Mama Theodora alimpigia simu Zablon kabla hajawaita vijana, na askari wakawahi. Tangu ile ziara, hakuna mtu wala tembo aliyeuawa kwenye mashamba hayo.

Ijumaa iliyopita aliongoza kikao chake cha mwisho, akamtambulisha Veneranda, askari atakayeshika nafasi yake. Maswali yalipokwisha, hakuna aliyeinuka kuondoka.

Mzee Zablon, tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akujalie afya, na migomba ya Susuni iwazalie wewe na mkeo, Mama Boke. Ukipita tena Natta, pita kama mgeni: Mama Theodora amesema ugali wa mahindi yake utaukuta mezani.