Mama Madoa na Ukuta wa Wodi Namba Nne

Marehemu mama yetu, ambaye kazini na mtaani mlimwita Mama Madoa, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Februari 1956, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ghala la mbao. Wanaodhani jina hilo lilianza kama tusi hawajakosea. Lakini mwenyewe alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi, na aliagiza ndilo liandikwe kwenye ratiba hii. Tumetii. Alipokuwa hai hatukuwahi kumshinda kwa ubishi, na leo si siku ya kujaribu.

Tangu utotoni alikuwa na jicho. Sukari ilikuwa ikipungua kabatini, na bibi yake akiwaadhibu wajukuu kwa zamu, mwenye kosa na asiye na kosa. Marehemu, akiwa na miaka saba, alimshika bibi mkono akamwonyesha alama za vidole kwenye mlango wa kabati, juu kabisa, mahali ambapo hakuna mtoto angefika hata akipanda kigoda. Babu, aliyekuwa amekaa pale pale anakunywa chai, aliinuka taratibu akaenda nje kuangalia kama mvua inakuja. Haukuwa msimu wa mvua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kuhitimu darasa la saba mwaka 1969, akiwa wa tatu darasani. Nafasi ya kuendelea aliipata, ila mwaka huo huo mama yake alipooza upande mmoja, na yeye ndiye aliyebaki kumuuguza kwa miaka minane. Hakuficha kwamba iliuma. Katika miaka hiyo aligundua kwamba mama yake hakuchukia ugonjwa kama alivyochukia kubebwa kwenda msalani. Basi akapanga meza, kabati na cherehani ya baba yake mstari mmoja, kutoka kitandani hadi mlangoni, ili mama apite akishikilia. Baba alishona nguo za watu miaka yote hiyo akiwa amekaa njiani, na kila mkewe alipopita alilazimika kuinua mkasi na kusema karibu.

Mama yake alipofariki, marehemu aliajiriwa hospitalini tarehe 3 Aprili 1978 kama mfanya usafi wa wodi namba nne, wodi ya wanawake. Alipiga deki wodi hiyo kwa miaka thelathini na minane. Huko ndiko alikokutana na baba yetu, fundi wa matengenezo, aliyekuja kurekebisha sinki linalovuja nyuma ya mlango. Marehemu alimwambia sinki halina shida, shida ni aliyeliweka nyuma ya mlango. Fundi aliondoka amenuna. Kesho yake alirudi bila vifaa, na wodi nzima ikaelewa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1981 na wakajaliwa watoto watatu. Baba alitangulia mwaka 2011, na tangu hapo marehemu alikuwa akimlaumu kwa haraka zake.

Sasa tufike kwenye ukuta, maana bila ukuta huu wasifu utakuwa wa mtu mwingine.

Wodi namba nne ilikuwa na vitanda sita vilivyopangwa kufuata ukuta mmoja mrefu wenye rangi ya maziwa. Choo kilikuwa upande wa pili, ukishapita kona. Kila asubuhi marehemu alikuta ukuta una alama za mikono, na kila asubuhi alizifuta kwa sabuni na kitambaa, huku akiwasema wagonjwa kimoyomoyo. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na sita. Ukuta wake uling'aa, na kila mkaguzi aliusifu.

Machi 1994, saa nne asubuhi, mwalimu mmoja mstaafu aliyelazwa hapo alianguka akienda chooni, akavunjika nyonga. Alikuwa wa tatu kuanguka mwaka ule. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake, anamfunga kidonda mgonjwa wa kitanda cha mwisho, lakini lawama zote zilimwangukia yeye. Aliambiwa ajieleze mbele ya kamati kwa uzembe, na kila mtu alijua maana yake ni kufukuzwa. Alikuwa binti mdogo, ana miezi mitano kazini, analia chumba cha dawa.

Marehemu ndiye aliyepiga magoti kusafisha pale mwalimu alipoanguka. Alipoinuka aliutazama ukuta, na siku ile, kwa sababu ya vurugu, ulikuwa haujafutwa. Alama zilianzia kitandani. Ziliandamana moja moja, usawa wa kiuno, mpaka kwenye kona. Pale konani palikuwa na doa kubwa kuliko yote, kwa sababu pale ukuta uliishia na watu walisimama, wakashikilia, wakajipa moyo. Mbele yake kulikuwa na hatua nne za sakafu tupu hadi mlango wa choo, hakuna cha kushika. Wote watatu walikuwa wameangukia hapo. Marehemu alituambia baadaye kwamba hajawahi kuona aibu kama ile. Wagonjwa walikuwa wakimwonyesha kila siku, naye kila siku anafuta.

Akaacha kufuta.

Tusidanganyane, hakuacha kazi. Sakafu ilikuwa unaweza kujitazama, madirisha yalimeta, vyoo vilinukia. Ukuta tu ndio haukuguswa. Wiki ya kwanza msimamizi wa usafi alimwonya kwa mdomo. Wiki ya pili alimpa barua ya onyo, akampachika na jina, Mama Madoa, na wenzake wakacheka. Barua ya pili ikafuata siku tatu baadaye, na ya tatu ingempeleka nyumbani moja kwa moja. Baba yetu alimsihi afute yaishe, watoto wanasoma. Walinuniana siku mbili, wakapitisha ujumbe kupitia sisi watoto, "mwambie mama yako", "mwambie baba yako", huku wamekaa meza moja.

Siku ya kumi na tisa, mganga mkuu na kamati yake walifika wodini kuona mahali pa ajali kabla ya kumaliza kesi ya muuguzi. Msimamizi alikuwa wa kwanza kuomba radhi kwa uchafu wa ukuta, akamnyooshea kidole aliyehusika. Marehemu alikuwa amesimama na ndoo yake. Alisema mdomo ulikataa kufungwa.

"Daktari, huu si uchafu," alisema. "Hapa ndipo wanaposhika wakienda chooni. Wanashika mpaka hapa konani. Kuanzia hapa hawana cha kushika, na hapa ndipo wanapoanguka. Muuguzi hata angekuwa na mikono kumi."

Mganga mkuu alienda kitanda cha mwisho, akaweka kiganja chake juu ya alama ya kwanza, akatembea taratibu, doa kwa doa, akiburuza miguu kama mgonjwa. Alipofika konani alizihesabu kwa kidole zile hatua nne hadi mlango wa choo.

"Kwa nini sikuambiwa miaka yote hii?"

"Nilikuwa nafuta, daktari."

Kesi ya muuguzi ilifungwa siku ile ile. Barua mbili za onyo zilichanwa, ingawa marehemu aliomba abaki na moja kwa ukumbusho. Iko nyumbani, ndani ya kioo, ukutani kwake.

Baba yetu aliagizwa afunge bomba la kushikilia. Akalifunga vizuri sana, limenyooka, lakini juu mno. Marehemu alilitazama akamuuliza amepimia nini. Baba, ambaye mlimjua kwa urefu wake, akasema amepimia kiuno. Akaulizwa kiuno cha nani. Bomba lilishushwa kesho yake hadi usawa wa madoa, likazungushwa kona, likavushwa zile hatua nne kwa nguzo mbili hadi mlango wa choo. Kwa muda wote aliobaki kazini, hakuanguka mtu tena kwenye njia ile.

Baada ya hapo hakushikika. Alionyesha alama za mafuta ya migongo na mabega ukutani, kati ya vitanda, mahali ambapo ndugu wa wagonjwa walisimama saa nzima wameegemea, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa, na vikaletwa viti, tena upande ambao muuguzi hapiti na sindano. Alionyesha lile sinki nyuma ya mlango, kavu, halina hata tone, maana muuguzi mwenye vitu mikononi angelifikiaje? Likahamishwa hadi mlangoni, mgonjwa akawa anamwona muuguzi akinawa kabla ya kumgusa. Jengo jipya lilipoanza kuchorwa mwaka 2003, wachora ramani walikuja na karatasi zao kumtafuta. Aliwakabidhi kitambaa na ndoo, akawaambia waanze kwa kufanya usafi wiki moja. Wawili walikubali. Alistaafu tarehe 14 Februari 2016.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Tarehe 6 Mei mwaka huu, 2023, alilazwa, na kwa kuwa wodi namba nne ilikuwa na nafasi moja tu, alipewa kitanda cha mwisho, kile kilicho mbali na choo kuliko vyote. Sisi tulikasirika. Yeye alifurahi kama amepewa chumba cha hoteli. Alikuwa na ombi moja tu, asibebwe. Binti yake wa pili, ndiye anayewasomea haya, aliambiwa atembee nyuma yake, si kando yake, na asimguse mpaka aombwe. Kila siku alishika bomba la mumewe, akapita vitanda vyote akisalimia wenyewe, akazunguka kona, akafika. Mara ya mwisho ilikuwa Jumatano tarehe 31 Mei. Alipumzika konani, akapangusa bomba kwa upindo wa kanga yake, akaendelea. Hakuna aliyeombwa.

Alifariki Ijumaa tarehe 2 Juni, saa tatu asubuhi. Watoto wake wote watatu walikuwa wamekaa karibu yake, kwenye viti alivyovipigania.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, wakwe wawili na mdogo wake wa kike. Pia amemwacha yule binti aliyekuwa analia chumba cha dawa, ambaye sasa ndiye muuguzi mkuu wa hospitali. Yupo hapa, safu ya pili, na ndiye aliyemfumba macho.

Siku ile, tulipokuwa tunakusanya vitu vyake, mfanya usafi wa wodi aliingia na kitambaa. Juu ya mto, kwenye ukuta, palikuwa na doa moja jipya la kiganja. Mama alikuwa akishika hapo kila alipotaka kujiinua akae, na hapo hakuna bomba. Yule mama wa usafi, aliyefundishwa kazi na marehemu mwenyewe, aliliona, akarudisha kitambaa ndoani bila kuambiwa na mtu.

Kifungua mimba wake, aliyerithi kazi ya baba yetu, alipima pale pale. Hakupimia kiuno chake.

Pumzika sasa, Mama. Doa lako halijafutwa, na fundi anakuja Jumatatu.