Majibu Anayodai Kajetani Mbawala

Dada Rosemary, kaa, ukurasa huu siuchani, tumebishana tangu uani kwamba habari za ugonjwa wa kaka yetu zitawatia watu hofu, na mimi Dastan, mdogo wake marehemu, fundi baiskeli niliyejifunza kusoma kwa vipande vya magazeti, nasema historia iliyokatwa katikati ni uongo, kwa hiyo nitaisoma yote.

Marehemu Kajetani Mbawala alizaliwa Madaba tarehe 4 Agosti 1959, akasoma shule ya msingi hukohuko, baadaye akaenda chuo cha matabibu, na mwaka 1984 akaanza kazi katika zahanati moja hapa Songea, akishona majeraha, akipasua majipu na kung'oa meno, hadi alipostaafu mwaka 2019. Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu Kunegunda, wakajaliwa watoto wawili, Beata na Aidan.

Kazini alikuwa na utaratibu wake, ambao wengi mliokaa hapa mnaujua. Akishakuchoma sindano ya ganzi, alikubonyeza kwa kidole gumba mpaka useme husikii kitu, akafanya kazi yake, akakupa diklofenaki za kushusha uvimbe, kisha akakuonya, "Usitafune kitu sasa hivi, utakula shavu lako ukidhani ni nyama ya sikukuu." Halafu, bila kucheka tena, "Maumivu hayajafa, nimekushikia tu. Ganzi ikiisha yatauma, yatapita. Kesho uje uniambie yamepita, nisilale nayo." Wengi mlirudi. Wengine, mkishapona, mlimpita barabarani bila neno.

Mwezi Novemba 2024 alianza kuumwa taya la kushoto, upande ambao hakuwa amebakiza jino hata moja, kisha goti, ambalo halijawahi kuumia. Hospitali walimpiga picha, hawakuona kitu, wakampa dawa za uvimbe, wakamchoma ganzi yeye mwenyewe, na wakituliza taya, goti linaamka, wakituliza goti, taya linaamka. Mimi nilimfokea, nikamwambia, "Kaka, acha maigizo, unaumwa wapi hasa?" Akanitazama, akajibu polepole, "Goti si langu, Dastan. Ni la Lidwina wa Ruhuwiko."

Jumapili ya tarehe 9 Machi 2025 nilimleta huyo Lidwina, yupo pale chini ya turubai, mwulizeni. Aliinama kitandani akasema, "Shikamoo, tabibu. Siku ile uliponishona goti sikurudi. Yaliuma, yakapita." Mguu wa kaka uliokuwa umekunjwa miezi mitatu ukanyooka mbele ya macho yetu. Tukamwuliza, na taya ni la nani? Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi, mkono ukiwa shavuni.

Leo asubuhi mimi na Aidan tulipomwosha, mwili wote ulikuwa wa baridi, lakini shavu la kushoto lilikuwa limevimba kuliko jana, na lilikuwa na joto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi uani, na wenzake wa zahanati mliogharamia jeneza. Lala, kaka, mwili wako ubaki wako peke yako.

Jeneza hatujalifunga. Mwenye taya la kushoto, unajijua. Pita hapa mbele, umwambie yamepita.