Aliyechaguliwa Kuangushwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, Afande Mkuu wa kambi, Baba Padre, wajumbe wa kamati ya klabu yetu ya judo, wazazi mliofika kutoka Bugolobi na Kyambogo, wanafunzi wangu wa zamani na wa sasa, mke wangu Akot, na wewe pia Ndugu Olweny, ambaye nimekuweka mwisho kwa makusudi: nawasalimuni nyote.

Leo ninastaafu ualimu wa judo. Kamati imenitaka nifanye mambo mawili: nieleze nilikotoka, kisha nimtaje atakayelishika darasa baada yangu. Wanaofikiriwa ni wawili, na wote wameketi hapa mbele: Tresor, bingwa wetu, niliyemfundisha tangu akiwa na meno ya utoto, na Aol, binti wa Olweny. Uamuzi ni wangu peke yangu. Nitautoa, lakini kwanza ni lazima mjue ninautoa nikiwa na moyo wa namna gani.

Mimi na Olweny tulizaliwa hapa Nsambya, katika nyumba za askari, milango yetu ikitazamana. Baba zetu walikuwa polisi waliotoka kaskazini. Mama zetu waliazimana chumvi na kugombania kamba ya kuanikia nguo. Nyuma ya nyumba hizo aliishi fundi cherehani kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, Mwalimu Katembo, ambaye mchana alishona sare za shule, na jioni alitufundisha judo. Mikeka ya judo hatukuwa nayo. Tuliomba maranda kwa maseremala, tukayatandaza chini, tukayafunika kwa turubai kuukuu la jeshi. Na mvua iliponyesha, tulikwenda shule tukinuka mbao mbichi.

Nilikuwa na nguvu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, waulizeni waliokuwapo. Nilimwangusha Olweny kila tuliposhindana. Lakini kila walipokuja wageni, Mwalimu akataka kuwaonyesha judo ni nini, je, alimwita nani? Alimwita Olweny. Hakumwita ili amwangushe mtu, bali ili aangushwe. Mwalimu alimwinua yule kijana mwembamba, akamzungusha hewani, akamlaza juu ya turubai kwa mlio safi kama kofi moja, na wageni wakashangilia. Mimi niliketi pembeni na medali yangu shingoni.

Hapo, mabibi na mabwana, ndipo nilipojifunza wivu. Watu wengi humwonea wivu anayeshinda. Mimi nilimwonea wivu aliyetupwa chini.

Siku moja nilimfuata Mwalimu kwenye cherehani yake.

"Mwalimu, bingwa ni mimi. Kwa nini humwiti bingwa?"

Hakuinua macho kutoka kwenye kaptula aliyokuwa akiishona.

"Weye Ojera, kama unaanguka, unabishana na udongo," alisema. "Ule mutoto habishane. Nikimutupa, ananisaidia. Watu wanaona judo. Nikikutupa weye, wataona vita."

"Basi nifundishe kuanguka."

"Nakufundisha kila siku. Weye unangojea tu zamu yako ya kuamuka."

Tulipokua, mimi niliingia polisi. Olweny akawa mlinzi wa ghala kule Bugolobi. Nilidhani kazi ingetutenganisha. Nilijidanganya. Mtu niliyemkamata mimi alifika kituoni akililalamikia bega lake; mtu aliyekamatwa na Olweny alifika akisimulia habari za Olweny. Alikuja mlevi mmoja, akaegemea kaunta yangu, akasema, "Afande, yule mlinzi amenilaza chini kama mama anavyomlaza mtoto. Mniulizie kama anapokea wanafunzi." Aliyekuwa zamuni ni mimi. Aliyemwelekeza njia ya kwenda kwa Olweny ni mimi. Je, mnaijua adhabu kubwa kuliko hiyo?

Cheka tu, Olweny. Umezoea.

Kisha akaniletea binti yake nimfundishe. Nilimpokea kwa hamu, maana nilitaka damu ya Olweny ijifunze kushinda kutoka kwangu. Nilimpa Aol kila nilichokijua, naye alikipokea kwa heshima. Lakini siku ya kwanza alipoanguka, nilisikia mlio ule ule wa baba yake. Huo sikumfundisha mimi.

Mwezi uliopita, mtoto Lailah, ambaye yupo hapa na mama yake, alikataa kabisa kukanyaga mkeka. Tresor alimwambia awe jasiri. Mimi nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto akalia. Aol akaja, akasimama mbele yake, akasema, "Nisukume." Lailah akamgusa kwa kidole kimoja. Aol akaanguka chali kwa kishindo.

"Umenimaliza, nyabo," akasema akiwa chini, akimwita bibi kama mtu mzima. "Haya, tena."

Kabla ya jioni kwisha, mtoto alikuwa amemwangusha Aol, amemwangusha Tresor, kisha akanijia mimi. "Na wewe, babu." Nilimwambia kwamba magoti yangu ni mabovu. Akot anajua kwamba magoti yangu ni mazima.

Tresor, jina nililotaka kulitaja leo ni lako. Wewe utawaongoza washindani wetu, wala sioni atakayekuzidi. Lakini darasa nampa Aol, kwa sababu kwake watoto watabaki. Simpi kwa furaha. Olweny alikipata kwa Mwalimu kile nilichokitamani, akakipata hata kwa walevi wa Bugolobi, na sasa, kwa mkono wa binti yake, anapata darasa langu bila kuliomba. Ni nani kati yenu asingeona wivu?

Ni desturi ya klabu yetu kwamba mwalimu anayeondoka huangushwa mara moja na anayeingia, mbele ya watu wote. Akot, nishikie miwani. Aol, nitupe kwa nguvu zako zote, ukinihurumia nitajua. Ninyi wengine mtapiga makofi hata nikianguka kama gunia, kwa kuwa mna adabu. Ni mtu mmoja tu humu atakayejua kama nimeanguka vizuri, nami kabla sijainuka nitamtazama yeye.

Kwa kuja kwenu, na kwa kunisikiliza hadi mwisho, nawashukuruni sana.