Fimbo Iliyotoka Fupi

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, yeye aliyenisikia hata nilipomwomba vibaya.

Wengi wenu mlikuja hapa Chamazi kumzika mke wangu, Rehema. Mliniona nimekaa kimya mkadhani nimejikaza. Sikujikaza, nilikuwa nimekwisha. Hazikupita wiki nyingi utumbo ukajisokota, nikapelekwa kupasuliwa. Wakati wananisukuma kuingia chumba cha upasuaji nilimwomba Mungu kitu kimoja tu: nisiamke. Nasema kweli mbele zake. Niliamka, na nilikasirika.

Nikarudi nyumbani na mshono tumboni, kutoka juu ya kitovu hadi chini. Daktari alisema nisinyanyue kitu kizito, ila nitembee kila siku. Sikutembea. Shemeji yangu Anna, mdogo wake Rehema, akahamia kwangu kuniuguza. Uji wake niliuacha ukapoa, na kila asubuhi niliomba ombi lile lile.

Zamani nilikata nyasi kwenye uwanja wa gofu, na huko nikapenda kutengeneza fimbo za mchezo ule. Si kazi, ni mapenzi tu. Naokota vichwa vya chuma vilivyotupwa, nasugua kutu, natia mpini mpya. Siku moja Anna akaniwekea barazani kapu la vyuma vyangu.

“Shemeji, kama kula hutaki, basi sugua. Mie siwezi kuishi na gogo.”

Nikasugua. Mwanzoni ni ili aninyamazie. Baadaye ni kwa sababu kutu ikianza kutoka, unataka kuimaliza. Nikawa nainuka kutafuta msasa, nainuka tena kutafuta gundi.

Nikaamua kujitengenezea fimbo yangu mwenyewe. Fimbo ya gofu hupimwa kwa mwili wa mtu: unasimama, mwenzako anapima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Anna akanipima, nikakata mpini, kisha nikaendelea na kichwa polepole, wiki baada ya wiki, kadiri nguvu zilivyoruhusu.

Ilipokamilika nikaishika uani. Ilikuwa fupi. Nikamwambia Anna hajui kupima, kanipimia fimbo ya mtoto wa chekechea.

“Usinisingizie, shemeji. Siku ile ulijikunja kama bibi anayechambua mchele. Nilipima nilichokiona. Leo umenyooka, lawama kwangu?”

Ndugu zangu, nikajishika tumbo. Mshono ulikuwa umefunga, nami nimesimama wima, wala sikuwa nimejua. Na hapo nikakumbuka kwamba asubuhi ile sikuwa nimeomba kufa. Wala jana yake. Niliacha lini, siwezi kuwaambia. Mungu aliliondoa ombi lile kinywani mwangu bila hata kunigombeza.

Nikamwuliza Anna kama wali wa mchana umebaki.

“Nilikuwa nimewawekea kuku wetu,” akasema, “ila kwa leo watakusamehe.”

Rehema bado namlilia, hilo sifichi. Lakini namlilia nikiwa nataka kuishi. Namshukuru Mungu. Namshukuru Anna, na nyie mliobisha hodi nisiitike, mkarudi tena.

Kama yuko hapa anayeomba kama nilivyoomba mie, asimwonee Mungu haya. Amwambie hivyo hivyo, na amwachie. Kisha aje barazani kwangu. Vyuma vya kusugua vipo, na hatalazimika kusema kitu.