Ernst Fankhauser na Bastola Iliyohamia Mkono wa Kushoto

Jumanne ya tarehe 4 Novemba 2025, Käthi alikuwa kwenye ghala la jibini akigeuza mapande na kuyafuta kwa kitambaa cha maji ya chumvi, simu ikalia mfukoni mwa aproni, akaiacha ilie kwa sababu mikono ilikuwa imelowa, ikalia tena, ndipo akajifuta na kupokea, na muuguzi wa hospitali ya Langnau akamwambia kwamba baba yake, Ernst Fankhauser, amefariki alfajiri akiwa usingizini, bila kuhangaika. Käthi alimaliza kwanza rafu aliyokuwa ameianza, kwa kuwa jibini iliyofutwa nusu huharibika, kisha akapanda ngazi kumwambia mumewe Niklaus, na kumpigia mdogo wake Bendicht kule Thun.

Mchungaji amekwisha kusema ya kanisa. Haya ni ya familia, na yanasomwa hapa kwenye nyumba ya chama cha walenga shabaha kwa sababu marehemu aliagiza hivyo, akisema kanisani watu hukaa kwenye mbao ngumu na kusikiliza kwa kuvumilia.

Ernst Fankhauser, ambaye karibu ninyi nyote mlimwita Aschi, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1948 katika shamba la wazazi wake juu ya kijiji cha Trub, akiwa mtoto wa nne wa Gottlieb na Elise Fankhauser. Alisoma shule ya kijiji hicho kuanzia mwaka 1955 hadi 1964, akipata alama nzuri katika hesabu na za kusikitisha katika uimbaji, na kwa kuwa shamba lilikuwa la kaka yake mkubwa, alipelekwa Langnau kujifunza ufundi wa mitambo, akahitimu mwezi Aprili 1968. Karakana iliyomfundisha ndiyo iliyomwajiri, na ndiyo aliyostaafia mwezi Machi 2013, hajawahi kufanya kazi pengine.

Mwaka 1968 aliingia jeshini kama vijana wenzake wote, na kwa kuwa alipangwa kuhudumia majeruhi, alipewa bastola badala ya bunduki, akarudi nayo nyumbani kama ilivyo desturi yetu, na mwaka uliofuata akajiunga na chama hiki. Tangu hapo hakukosa mashindano ya wilaya ya kila mwezi Mei, kwa jua wala kwa mvua. Bastola yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ilivyotoka kiwandani, kifyatulio chake kigumu na chenye mikwaruzo, na marehemu alizoea kusema kwamba kukivuta ni sawa na kuburuta gari la samadi juu ya changarawe, lakini hakuigusa kwa tupa hata mara moja, maana ilikuwa mali ya jeshi, na mali ya jeshi haichongwi.

Tarehe 11 Mei 1974 alifunga ndoa na Rosmarie Lüthi katika kanisa la Signau, wakajaliwa watoto wawili, Käthi mwaka 1976 na Bendicht mwaka 1979. Mwishoni mwa mwaka 1990 alimaliza utumishi wake wa jeshi, akaachiwa bastola iwe yake, na jioni hiyo hiyo, kabla hajavua hata buti, ilikuwa imefunguliwa vipande vipande juu ya meza ya jikoni, penye chakula cha watu.

"Ernst," mama alimwambia, sufuria ya viazi mkononi, "hii umeivumilia miaka yote hiyo bila kuigusa, mimi hata mwaka mmoja ulikushinda bila kunirekebisha."

"Wewe hukuwa mali ya jeshi, mama Käthi."

"Basi niondolee vyuma vyako mezani, kabla sijavimwagia viazi."

Kazi ile ilimchukua miaka, kwa kuwa alibadilisha kitu kimoja, akalenga msimu mzima, ndipo akagusa kingine. Alianza na kifyatulio, akisugua nyuso zinazokutana ndani kwa kinoo laini na mafuta hadi kikawa kinakatika safi bila kukwaruza, lakini hakukilegeza kupita kiasi, kwa kuwa kanuni za mashindano hutaka kibebe kilo moja bila kufyatuka. Baadaye aliondoa kilengeo cha nyuma kisichosogea, akaweka cha kurekebishwa kwa skrubu, akakaza mtutu uliokuwa ukicheza mbele, na mwisho akachonga mpini mpya wa mbao ya mjozi unaoukumbatia mkono wake wa kulia, kila kidole na bonde lake. Bastola ambayo zamani ilitawanya risasi upana wa sahani ya supu, sasa ilizikusanya upana wa kizibo cha chupa ya maziwa, na beji za taji, wanazopewa waliofikisha alama zilizowekwa, alizoleta nyumbani zilijaa ukuta hadi mama akasema zihamie kwenye banda la kuku.

Rosmarie alimtangulia tarehe 3 Februari 2011. Marehemu hakulisema sana jambo hilo, na sisi hatukumlazimisha.

Jumatano tarehe 9 Novemba 2016 alipatwa na kiharusi akiwa kwenye karakana yake ndogo ya nyumbani, na ingawa alisalimika na akili yake ikabaki timamu, mkono wa kulia ulikufa, ukawa unaning'inia kama taulo. Alikaa hospitali na kituo cha mazoezi hadi mwezi Februari, kisha akahamia kwa Käthi na Niklaus, akala, akalala, akasoma gazeti na kulikunja vibaya kwa mkono mmoja, na kwa wiki kadhaa hakuulizia kitu chochote duniani. Watu wa chama walipomtembelea aliwaambia wachukue beji zake na bastola pia, nao hawakuchukua. Familia iliogopa kuliko ilivyoogopa hospitalini, maana kule walau alikuwa akigombana na wauguzi.

Aliyemtoa pale ni Hämpu Liechti, mkaguzi wetu wa silaha, aliyeshindana naye kwa karibu miaka hamsini, ambaye alikuja mwezi Machi na pakiti ya soseji, akakaa jikoni, na hakumpa pole.

"Kwa hiyo Mei hii nitakuwa peke yangu," alisema Hämpu. "Vizuri. Nilikuwa nimechoka kukuona mgongo."

"Mkono umekufa, Hämpu. Huoni?"

"Naona. Ninauona na mwingine umekaa bure, unashika kikombe tu kama wa bibi harusi."

Marehemu alimfukuza. Siku ya pili akamwambia Käthi, "Niletee kile kipande cha mjozi kilichobaki, na jiliwa, na usiniulize," na Käthi hakumuuliza, alikuwa na nguo za kufua.

Kulenga kwa mkono wa kushoto si kugeuza bastola tu, bwana, ni kuijenga upya. Ule mpini wa kulia haukufaa kitu, na jicho lake lenye nguvu lilikuwa la kulia pia, hivyo alilazimika kuchonga mpini wa kushoto uliopinda kidogo ili kilengeo kije mbele ya jicho hilo bila yeye kuvunja shingo. Tena kuna jambo ambalo mwenye mikono miwili halifikirii, yaani nani atakayeivuta nyuma sehemu ya juu ya bastola ili risasi iingie, na hilo alilitatua kwa kuchonga ngazi ndogo mbele ya kilengeo cha nyuma, akawa anaikwamisha kwenye ukingo wa meza, mtutu ukielekea shabaha, na kusukuma. Alibana mbao kwenye jiliwa, akasugua kwa mkono ambao hata sahihi ulikuwa haujajifunza kuandika, akaharibu mpini wa kwanza, akaharibu wa pili, wa tatu akaupima kwenye kisanduku, maana kanuni husema bastola nzima lazima iingie katika kisanduku cha kipimo bila kulazimishwa, na ukaingia kwa nafasi ya unene wa karatasi.

Kwa kuwa nyumba ilikuwa na wajukuu wanaofungua kila droo, na sheria hutaka silaha ifungiwe, yeye mwenyewe aliamua iwekwe kwenye ghala la jibini, lenye mlango mzito na ufunguo mmoja. Vyuma alivipaka mafuta kama mtoto mchanga. Mbao hakuikumbuka.

Jumamosi tarehe 20 Mei 2017, kwenye uwanja huu, Hämpu alitundika jiwe la kilo moja kwenye kifyatulio, kikabeba, akasema vizuri, kisha akaitia bastola kwenye kisanduku, nayo ikagoma.

"Aschi, haiingii."

"Isukume."

"Nikiisukuma itakuwa imeingia kwa nguvu zangu. Kanuni unazijua, nusu yake ulizidai wewe kwenye mkutano."

"Iliingia nyumbani!"

Hämpu aliinusa. "Ndugu zangu, bastola hii inanuka jibini."

Watu walicheka hadi kwenye foleni ya nyuma, na Niklaus, mtengeneza jibini, ndiye aliyeelewa wa kwanza, akajipiga paji la uso, maana kwenye ghala lile hata milango huvimba kwa unyevu mpaka ikakwama, sembuse mbao kavu ya mjozi iliyokaa humo wiki nzima.

"Baba, twende nyumbani," Käthi alimwambia kwa sauti ya chini. "Tutaikausha. Mwakani kuna Mei nyingine."

"Mwakani nitakaa tena pale dirishani kwako nakunja gazeti," alisema marehemu. "Nikiondoka leo sirudi, Käthi. Najijua."

Käthi alimtazama, akaona kwamba hasemi kwa hasira, anasema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Zamu ya mwisho ilikuwa haijafungwa, na mshindani aliyekataliwa huruhusiwa kurekebisha na kurudi, lakini mkaguzi haruhusiwi kumsaidia yeyote, hivyo Hämpu aliweka kipande cha msasa kwenye benchi, akatangaza kwamba anakwenda kuvuta sigara, na kwamba hapo benchini hajaweka kitu.

Käthi alifungua skrubu na kunyoosha mkono auchukue mpini, marehemu akauzuia mkono wake. "Nishikie tu. Kazi ni yangu." Basi Käthi aliubana kati ya magoti yake, na baba yake akasugua kwa mkono wa kushoto, akiondoa ule uvimbe wa kiganjani alioutafuta kwa mipini mitatu, vumbi la mjozi likijaa kwenye sketi nzuri ya Käthi, na mmoja wa watu waliokuwa wakicheka akasogeza mwavuli kwa kuwa manyunyu yalikuwa yameanza.

Hämpu alirudi, akaitia bastola kwenye kisanduku, ikashuka yenyewe na kugonga chini.

Marehemu alilenga. Zile za mwanzo zilikwenda kando, moja haikugusa hata karatasi, lakini kadiri zamu ilivyoendelea zikaanza kusogea kwenye weusi wa katikati ya shabaha, na alipomaliza alikuwa amepungukiwa alama tatu kuipata beji.

"Mkono wa kushoto umekushinda, mzee," alisema Hämpu.

"Mkono wa kushoto ndiyo kwanza uko darasa la kwanza. Mwakani uje na leso."

Käthi alipomwingiza kwenye gari aligundua kwamba anaimba, vibaya kama shuleni, na jioni aliomba kuongezewa viazi. Mwaka 2018 beji ilipatikana, na Hämpu, tunaambiwa, alikuja na leso kweli.

Habari ilitembea kuliko tulivyodhani. Alikuja Therese Moser wa Trubschachen, aliyepoteza vidole kwenye mashine ya kupasulia kuni, na bastola yake ya kawaida ndani ya mfuko wa sokoni, akauliza kama kitu kinaweza kufanyika. Baada yake wakaja wengine, hata kutoka mbali kule jimbo la Fribourg, huyu bega limekaza, yule mkono unatetemeka, na marehemu aliwapima viganja kwa udongo wa kuchezea aliouchukua kwa wajukuu, akachonga, akalegeza, akakaza, akawaambia wote kwa ukali kwamba mbao ipakwe mafuta ya kitani mara tatu na isikaribie jibini. Miaka hiyo minane ya mwisho, nyumba ya Käthi ilijaa vumbi la mbao na wageni wenye njaa, jambo ambalo lilichosha, lakini hakuna aliyetamani tena ule ukimya wa kule dirishani.

Tangu mwaka jana moyo wake ulidhoofika. Alilenga kwa mara ya mwisho hapa tarehe 27 Septemba mwaka huu, akiwa ameketi, kiharusi cha pili kikampata tarehe 19 Oktoba, akalazwa Langnau, na huko ndiko alikofariki akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano, na kwenye meza yake ya kazi kuna mpini mmoja ambao haujakwisha, wa kijana mmoja wa Sumiswald, ambao Therese ameanza kuumalizia, kwani marehemu alimfundisha, na vidole alivyobaki navyo vinamtosha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Langnau waliomvumilia, majirani waliotuletea keki na kukamua ng'ombe wetu siku hizi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa karakana waliobeba jeneza, na ninyi wa chama, na Hämpu kwa namna ya pekee, kwa soseji zile.

Aschi, mikono yote miwili sasa ipumzike, na wewe pamoja nayo.

Nyama ya kuvuta moshi imeshakatwa, maharage na viazi viko mezani, mkate wa kusuka umekatwa pia, na Therese ameketi na wenzake wote waliokuja kutoka mbali. Kwenye uwanja huu hatuli kabla mkaguzi hajahakikisha kwamba kila mtu amerudi kutoka kwenye shabaha. Hämpu amezunguka meza zote, akamsubiri Bendicht aegeshe gari, akahesabu upya, na anasema tumetimia. Karibuni tule.