Bibi wa Chumba cha Chini

"Sasa hicho Kijapani alikufundisha nani, kama darasani ulikuwa bubu?" Msusi aliyekaa mbele yangu alimgeukia kijana mwenye begi kubwa, aliyekaa dirishani pembeni yangu. Hawajuani hata kidogo, ila basi la uwanja wa ndege halina siri.

"Bibi mmoja Mjapani wa chumba cha chini, dada, kwenye nyumba ninayopanga kule Japani. Anasahau sana. Kila asubuhi ananisimamisha mlangoni: wewe nani, unasoma nini, mama hajambo? Chuoni nikikosea wananicheka. Kwake nikikosea leo, kesho hakumbuki, naanza upya."

Mwalimu wa hivyo hata mimi nisingemtoroka.

"Mpaka ukajua?"

"Nikajua! Sasa namjibu hadi yeye anacheka. Mwaka mmoja tu umebaki nimalize."

"Mama yako lazima anajidai mtaani."

Kijana akachezea zipu ya begi. "Mama anataka niache, nisomee uhasibu hapa hapa. Tumegombana wiki nzima. Leo nimetoka yuko kazini."

"Hujamuaga?"

"Nitampigia nikifika."

"Mtu mzima na ndevu zako, unatoroka kama mwizi wa kuku!"

"Angenizuia, dada."

"Na huyo bibi yako kesho kutwa akikuuliza mama hajambo, utamjibu nini?"

Kijana akalivuta begi karibu.

Basi likasimama. Dereva akapiga kelele kwamba tumefika. Watu wote wakainuka, mimi nikabana miguu kijana apite. Alikuwa ameshika begi kwa mikono miwili, na bado amekaa.